Mzinga Wenye Alama Mbili

Shule ya Msingi Isunga,
Kijiji cha Ujamaa Isunga,
S.L.P. Sikonge,
Tabora.

9 Novemba, 1975

Mpendwa binamu yangu Nassibu,

Shikamoo. Naitoa shingo upande, maana miaka miwili uliyonizidi haitoshi shikamoo kamili, lakini mama alinilea vizuri na wewe shahidi. Hujambo? Wifi Maua naye hajambo? Na yule mtoto ambaye sijamwona bado, ameshaota meno au anawasubiri shangazi zake waje na zawadi ndipo aote? Mie huku ni mzima, namshukuru Mungu. Siafu waliniingilia nyumbani wiki mbili zilizopita wakanifukuza kitandani, lakini hilo limekwisha na miguu imepona.

Idi ilinikuta hapa hapa porini. Waislamu wa kijiji hiki tuko watatu: mimi, bwana mpima tumbaku na mkewe. Tulichinja jogoo mmoja tukapika naye pilau, na majirani Wamoravia wakaja kutusaidia kumaliza. Walitusaidia vizuri sana.

Nyumbani Ipuli nilipita mwezi wa tisa. Baba bado anashona, ila macho yamepungua nguvu, siku hizi mama ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano na kumkumbusha kila mara kwamba anamtungia. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama huko Dar es Salaam posta imefungwa, maana tangu upate kazi ya reli barua zako zimekuwa chache kuliko za serikali.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwezi uliopita. Niwie radhi kwa kuchelewa kuijibu. Kwanza nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu, na mtu hawezi kuandika barua ya maana akiwa na kimojawapo.

Uliniambia ulinunua jarida la Kibatari pale stesheni, ukafungua ukurasa wa hadithi, ukamkuta yule mwanamke wangu wa Kwihara anampakulia mumewe chakula. Mwanamke yule yule, sahani ile ile, na chini yake jina la mtu mwingine: Kashindye, Isunga, Tabora. Ukasema nimeibiwa mchana kweupe. Ukasema rasimu niliyokutumia mwaka juzi unayo, kwa mwandiko wangu, na bahasha yake ina muhuri wa posta wenye tarehe. Nikikupa neno tu, unakwenda ofisini kwa mhariri kuviweka vyote mezani kwake. Neno hilo ndilo ninalokuandikia leo. Ila nisikilize kwanza mpaka mwisho, maana wewe nakujua, ukisikia nusu ya jambo huwa umeshavaa viatu.

Wewe ndiye pekee unayejua kwamba tangu tuko wadogo nina hamu moja, kuliona jina langu limepigwa chapa chini ya hadithi. Wenzangu walitaka vitenge na waume. Mimi nilitaka mistari miwili mitatu ya wino wa mtambo. Hadithi ile niliipeleka Kibatari mara tatu na ikarudi mara tatu. Mara ya mwisho ilirudi na kijikaratasi cha mhariri: "Mwanzo ni mzuri. Mwisho hauaminiki." Kijikaratasi hicho nilikiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za baridi, na bado kila nikilifungua sanduku nakiona.

Utakumbuka inavyokwenda. Zamani hizo mpagazi mmoja anaondoka Kwihara na msafara kwenda pwani, amebeba pembe za ndovu. Mkewe anaahidi kumwekea chakula kila jioni mpaka arudi. Msafara unarudi bila yeye, watu wanasema amekufa, lakini mwanamke anaendelea kupakua na kuiweka sahani mlangoni miaka kumi na mmoja. Mwisho niliouandika mimi, mume anarudi na mali nyingi, wanakumbatiana, wanalia, ngoma zinapigwa. Nilipokuwa nauandika nililia na mimi. Sasa nikiukumbuka nataka kujifunika shuka.

Sasa sikia ilivyofika kwa mzee Kashindye, na utaona mkono wangu mwenyewe umo kila mahali.

Mchana nafundisha watoto, na alasiri nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kitabu tulicholetewa kinaeleza kilimo cha tumbaku mwanzo mpaka mwisho, na wanafunzi wangu wamelima tumbaku kabla sijazaliwa. Wakawa wanasinzia. Basi nikaanza kuwaandikia hadithi yangu ubaoni, sentensi sita sita kwa siku, fupi fupi, wasome na kunakili. Usingizi ukaisha. Watu wakawa wanawahi darasani kutaka kujua kama mume amerudi. Hata nilipofika mwisho, wakanyamaza kidogo, wakasema ahsante mwalimu, wakaenda zao. Ningekuwa na akili ningeusikia ule ukimya.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alipita kutukagua, akauliza hadithi hii nzuri ni ya nani. Nami, kwa kuogopa kuonekana ninajikweza, nikajibu kwamba kilichoandikwa ubaoni ni mali yetu sote. Nilisema tu, Nassibu, kama tunavyosema wote siku hizi, mdomo ukishazoea. Darasa zima likapiga makofi, na mwenyekiti akaondoka ameridhika na mimi.

Haikutosha. Likaja somo la kuandika barua na bahasha. Nilihitaji anwani ya mfano, na anwani pekee niliyoijua kwa moyo ilikuwa ya mhariri wa Kibatari. Nikaiandika ubaoni. Nikawaambia, mtu akiwa na jambo zuri asikae nalo, aliandike na kulipeleka. Wanafunzi thelathini na wanne walinakili ile anwani. Mmoja akanunua stempu.

Mzee Kashindye amepita miaka sitini. Ni mrina asali, na baba yake alikuwa mrina asali. Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka jana alikuwa akikaa ukingoni mwa msitu, karibu na mizinga yake. Sasa akitaka kuifikia anatembea tangu alfajiri mpaka jua la utosini. Alianza darasa akishika chaki kama mtu anayeshika kisu cha kuchongea, akivunja vipande vitatu kila alasiri. Mtihani wa Agosti alifaulu. Nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba, kisha anakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili na kuniita mwalimu.

Barua yako ilipofika sikungoja. Niliingia darasani nimefura, nikauliza kwa sauti ambayo baba asingeipenda: ni nani aliyeipeleka hadithi yetu ya ubaoni Kibatari? Nilitaka kuona nani atainamisha kichwa. Mzee Kashindye akasimama. Akanyoosha mkono juu kabisa, kama watoto wanavyofanya, uso wote umejaa furaha, akasema ni yeye. Akatoa mfukoni jarida alilotumiwa, alilolifunga katika kipande cha kaniki. Darasa likampigia makofi, na akina mama wawili wakapiga vigelegele. Mimi nikageuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Kesho yake nilimfuata kwake. Nilimkuta anasokota kamba za magome ya miyombo. Nikamweleza kwamba hadithi ile niliitunga mimi, kwamba kuweka jina lake chini yake ni kuichukua. Hakunielewa, na nakuapia hakuwa anajifanya. Kwake hadithi husimuliwa na yeyote. Mama yake alizisimulia za bibi yake, naye anawasimulia wajukuu, na hajawahi kusikia mtu akimsaka mwenye hadithi. Tena aliweka jina lake, alisema, kwa kuwa mimi nilifundisha kwamba barua isiyo na jina ni ya mwoga. Na kumbuka mali ya ubaoni ilikuwa ya wote.

Ndipo nikamuuliza habari za kazi yake. Msitu ni wa nani? Akasema wa watu wote. Na nyuki? Hawana mwenyewe. Na mzinga? Mkono wake ukasimama kwenye kamba.

Huku, Nassibu, kila mrina asali ana alama yake anayoichonga kwenye mzinga kabla ya kuutundika. Ya mzee Kashindye ni unyayo wa kanga, mistari mitatu inayokutana. Mzinga unaweza kuning'inia katikati ya pori miezi sita bila mlinzi, umejaa, na mtu mwenye njaa akapita chini yake asiuguse, kwa sababu ameiona alama. Anayerina mzinga wa mwenzake haitwi mwizi tu. Hakuna atakayekubali kulala naye kambi moja tena.

Aliiweka kamba chini. Akasema, "Kumbe nimerina mzinga wa mtu." Mimi nikarudi nyumbani nimeshinda, na sikupata hamu ya kula.

Siku tisa hakuonekana. Mkewe aliniambia amekwenda msituni, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kila alasiri niliitazama nafasi yake kwenye lile dawati dogo. Nilikuwa nimemfundisha mtu wa makamo yake kuandika, kisha kitu chake cha kwanza kuchapwa nikakigeuza kuwa aibu. Na ilikuwa hadithi yangu kweli. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na hilo ndilo lililonichosha.

Siku ya tano mkewe alileta lile jarida. Mzee aliagiza nipewe, kwa kuwa si lake. Niamini nikikwambia kwamba mpaka siku ile nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimesoma hasira yako tu. Sasa nikuulize, wewe uliifikisha mpaka mwisho, au ulisoma ukurasa wa kwanza ukavaa viatu?

Nenda kaisome. Maneno ni yangu, karibu yote, mpaka jioni ile mume anarudi. Hapo yangu yanakoma. Katika ile ya Kibatari mume anarudi mikono mitupu, anafika giza likianza kuingia, anaiona sahani mlangoni, na anamwona mtu asiyemjua amechuchumaa anakula. Ni mpagazi wa msafara unaopita. Kumbe kila jioni, miaka yote kumi na mmoja, mwanamke amekuwa akimpa sahani ile mpagazi yeyote aliyefika akiwa na njaa. Mume anakaa nje, anamngoja mgeni amalize kula. Basi, imekwisha hapo. Hakuna ngoma.

Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikairudia. Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu mwingine: kilichoniuma hapo hakikuwa jina. Uliniuma mwisho ule, kwa kuwa ni mzuri na sikuuona mimi.

Siku ya kumi alirudi, amekonda, nguo zinanuka moshi. Alikuwa amebeba mzinga mpya wa gome la mti, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaniomba nimsahihishie, kwa kuwa ni barua ya mhariri na hataki kuniaibisha mimi mwalimu wake. Nakunakilia hapa:

"Mhariri wa Kibatari, salaam. Mimi Kashindye nimerina mzinga wa mtu nikiwa sijui. Hadithi ya sahani ni ya mwalimu Zamda. Yeye ndiye aliyetengeneza mzinga akautundika. Mimi nilipita nikaona asali. Jina langu litoeni. Wenzangu wa kambi nimewaambia wote. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu."

Chini ameandika jina, na chini ya jina amechora unyayo wa kanga. Nilipomuuliza kwa nini, alisema jina lake sasa anaweza kuliandika yeyote aliyehudhuria darasa langu, lakini alama ile hakuna atakayethubutu.

Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi. Makosa niliyaona, mengi tu. Sikusahihisha hata moja. Ile ndiyo barua ya kwanza aliyoitoa kichwani mwake mwenyewe, na hakuna ninachoweza kuifanyia isipokuwa kuiharibu.

Nikamwambia kuna jambo amelisahau: mwisho si wangu, ni wake. Akashangaa. Alidhani alinirekebishia tu kosa, kama mtu anavyomwondolea mwenzake jani nguoni. Akanieleza kwa upole, asije akaniudhi, kwamba chakula hakiwezi kulala mlangoni kila siku miaka kumi na mmoja. Mbwa wangekila. Fisi wangekuja. Chakula cha kila siku lazima kiwe na mlaji, na pale Kwihara, njia ilipokuwa inapita, walaji wangekuwa nani kama si wapagazi? Mhariri alinirudishia hadithi mara tatu bila kunieleza hilo. Mimi nina cheti cha ualimu, na mbwa sikuwafikiria.

Mzinga ule mpya alikuja nao kwa sababu ya desturi. Anayerina cha mwenzake bila kujua humtengenezea mzinga na kuchonga alama ya mwenyewe. Akaniuliza alama yangu ni ipi. Nassibu, mimi ninayewafundisha watu herufi zote, nilikuwa sina. Tukafikiri pamoja. Mwisho nikachora mchangani duara lenye nukta katikati: sahani na tonge moja. Akaichonga palepale kwa ncha ya kisu. Nami nikamwomba achonge na unyayo wa kanga pembeni yake. Alikataa. Mzinga wa alama mbili upo, alisema, lakini ni wa watu waliofanya kazi pamoja tangu mwanzo. Nikamwambia aliyeupa mzinga mfuniko naye amefanya kazi, maana mzinga usio na mfuniko hata nyuki hawaingii. Akaugeuza mzinga, akachonga.

Ijumaa tuliutundika, yeye juu ya mti na umri wake ule, mimi chini nimeshika kamba nikisoma dua zote ninazozijua.

Sasa neno lako ni hili. Rasimu usiende nayo. Ile bahasha yenye muhuri iache nyumbani. Ukiiweka mezani kwa mhariri, watakaoonekana ni mwizi mzee na mwalimu aliyeibiwa, na hivyo sivyo ilivyokuwa. Ndani ya barua hii nimetia ya mzee Kashindye, yenyewe kwa mkono wake, na karatasi yangu yenye mistari miwili: kwamba hadithi niliitunga mimi, na mwisho uliowafanya waichape ni wa Kashindye. Mpelekee hizo mbili. Naomba wachape majina yote mawili katika toleo lolote, hata kwenye kona ndogo. Wakitaka ushahidi zaidi ya mkono wa yule mzee, waambie hakuna.

Na wakisema nafasi ni ya jina moja tu, waliache lililopo.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili. Usidhani nimekuwa mtu mwema sana huku porini. Inaniuma, na itaniuma nikiliona toleo lijalo. Lakini nilitaka jina langu liwe chini ya hadithi nzuri, na ile iliyokuwa yangu peke yangu haikuwa nzuri. Nyingine nitaandika, na hiyo nitamsomea yeye kwanza kabla ya kununua stempu. Basi zipeleke siku hiyohiyo uisomapo barua hii, usinipe nafasi ya kufuta tena. Rasimu yangu usiichome. Nataka siku moja nimwonyeshe mtu jinsi mwisho mbaya unavyokuwa.

Nisalimie wifi Maua, umwambie kanga aliyonitumia imenipendeza na walimu wenzangu wamekwisha kuiazima mara mbili. Mjomba Shaban mpe shikamoo yangu, yake kamili, na umwambie kwamba dawa ya kifua aliyoniagiza nitamletea, asali ya Sikonge yenyewe, kama nyuki watakubali. Mtoto mbusu utosini. Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali, usingizi mwema, na mlango usiokosa mgeni wa kula nanyi.

Asubuhi hii mzee Kashindye amepita dirishani kwangu akitoka msituni. Mwangaluka, mwalimu, akanisalimu kwa Kinyamwezi, na kabla sijauliza akaniambia nyuki wameingia.

Ni mimi binamu yako nikupendaye,

Zamda Mfaume

Hapo chini ya jina nimechora alama yangu, duara na nukta. Usiicheke. Ni mara ya kwanza kuiweka kwenye karatasi.